Pua Iliyochoka

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, sabuni na sukari vilipoadimika Kampala, mke wangu alirudi kutoka soko la Kalerwe na gunia la samaki waliokaushwa kwa moshi. Biashara ilikuwa yake. Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia tu, Mkenya niliyevuka mpaka kufuata kazi. Kwa kuwa siku hizo mtu aliyekutwa na bidhaa nyingi nyumbani aliitwa mlanguzi, na mlanguzi hakuulizwa mara mbili, gunia lilisukumwa chini ya kitanda chetu pale Kisugu.

Jioni hiyo nililalamika sana juu ya harufu. Asubuhi sikusikia kitu, nikamtangazia mke wangu kwamba harufu imekwisha. Alinitazama kidogo, akasema nitachelewa kazini.

Somo lilikuwa pua, na nilikuwa nikijivunia kulifundisha. Niliwaeleza wanafunzi kwamba juu kabisa ndani ya pua kuna chembe za neva zenye vinyweleo vilivyolowa ute. Vijipande visivyoonekana huelea hewani, hunasa kwenye ute huo, na kila chembe huitikia vile inavyovitambua, kisha hupeleka habari kwenye ubongo. Harufu ikikaa mno, nikaongeza kwa madaha, chembe huizoea zikanyamaza. Ndipo nikakata kitunguu, nikapita nacho kati ya madawati nikiuliza wanasikia harufu gani.

"Samaki, mwalimu," alijibu msichana wa mbele, kwa adabu zote.

Nikamwambia ana mafua. Nikamuuliza jirani yake, naye akasema samaki. Kufika nyuma, darasa zima lilikuwa na mafua. Niliwahurumia kwa dhati, nikawashauri wanywe chai ya tangawizi.

Nikirudi nyumbani kwa miguu, karibu na reli ya Namuwongo, askari wa kizuizi cha barabarani alinisimamisha. Alinisogelea, kisha akarudi nyuma.

"Mzee, wewe nanuka samaki," alisema. "Samaki iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wa wanafunzi wangu. Alipekua mkoba akakuta vitabu, chaki na nusu ya kitunguu. Hofu ilinifungua mdomo, na mdomo wangu haujui kazi nyingine ila kufundisha. Nikamwambia nilikula samaki, kisha nikaanza: ute, vinyweleo, neva, ubongo, na jinsi pua yangu ilivyochoka hata sijisikii ninavyonuka. Akamwita mwenzake aje asikilize. Huyo, mtu wa makamo mwenye uso wa huzuni, aliuliza kama ndiyo sababu yeye hasikii tena harufu ya buti zake. Nikamwambia ndiyo hasa. Wakacheka, wakaniachia.

Nyumbani nilimuuliza mke wangu kwa nini hakunionya.

"Nilidhani unajua," akasema. "Si ndilo somo lako?"

Gunia lilihamia kwa dada yake kabla ya giza. Nguo zangu zilianikwa uani siku kadhaa, lakini kwa muda mrefu wanafunzi walifungua madirisha kila nilipoingia, na mimi, nikijua sababu, niliwashukuru kwa kupenda hewa safi.