Kamba ya Pusupusu

Harufu ya kamba ya katani iliyolowa mvua bado inanichefua. Nikikutana nayo sokoni nageuza njia, na wanangu hunicheka kwamba mama yao anaogopa kamba. Nawaacha wacheke.

Nilikuwa na miaka tisa vita vilipoingia Bukavu. Tulikaa mtaa wa Cimpunda, juu ya mteremko ambao hata mbuzi waliushuka kwa adabu. Maman alikuwa ametangulia asubuhi na mdogo wangu mgongoni. Nilibaki na Papa na Koko, mama yake Papa, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia kabisa. Papa aliazima pusupusu, mkokoteni wa mbao wa kubebea mizigo, akamkalisha Koko juu ya godoro. Koko alikataa kuondoka bila sufuria yake mpya, akaipakata.

Huko kwetu pusupusu yenye mzigo haisukumwi kuteremka. Inazuiwa kwa kamba kutoka nyuma. Papa alishika kamba, nami nikaishika nyuma yake. Tuliegemea nyuma, visigino vikichimba tope, na mkokoteni ukashuka kwa mwendo uleule, polepole, huku Koko akisali rozari.

"Kaza, mama!" Papa aliniambia. "Tukilegeza, itatushinda."

Risasi zikalia hapo chini, karibu sana. Niliachia kamba. Nilijikuta kifudifudi topeni, Papa juu yangu, nikisikia magurudumu yakinguruma kwa kasi iliyozidi kuongezeka. Papa alipoinuka kukimbia, pusupusu ilikuwa imeshaiacha barabara kwenye kona. Koko tulimzika siku ileile, nyuma ya nyumba ya watu tusiowajua.

"Kamba iliponyoka," Papa aliwaambia ndugu. Niliamini ananifichia aibu yangu. Kwa miaka saba, kila nilipopiga magoti, nilisema kimoyomoyo: Koko, nisamehe, ni miye niliachaka.

Kisha, nikiwa shule ya sekondari, mwalimu wa fizikia alichora mishale miwili ubaoni, mmoja ukivuta huku, mwingine kule. Ikilingana, alisema, mwendo haubadiliki. Isipolingana, toa mdogo kwenye mkubwa. Kinachobaki ndicho kinachoongeza mwendo. Kikibaki kidogo, mwendo unaongezeka taratibu. Kikibaki kikubwa, kitu kinachomoka.

Nikauona mteremko wetu pale ubaoni. Niliondoa nguvu zangu tu, za mtoto wa miaka tisa. Kilichobaki kilikuwa kidogo mno. Papa angekuwa bado ameshika, pusupusu ingeanza kuharakisha taratibu. Isingechomoka vile.

Nilimkuta Papa nyumbani akipiga pasi shati la kazini.

"Papa, ile siku, na weye uliachaka kamba?"

Alipiga pasi kola yote kabla ya kunijibu.

"Risasi zilikuwa zinakuja upande wako," alisema. "Mikono iko mbili tu, mama."

Miaka saba nilikuwa nimeomba niondolewe hatia ile. Nilipoona imemwangukia nani, nilitamani nirudishiwe.