Figo ya Asiyekuwepo Kikaoni

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka nataka kujizaba kofi. Sikuwa nimefika miaka thelathini, na tayari nilikuwa katibu wa kila kamati ya ukoo wetu pale Njoro, mdomo mbele, kalamu mkononi. Usinikatize. Nimechoka kuona kosa langu likirudiwa na watu waliosoma kunizidi.

Dada yangu Wambui alikuwa ameharibikiwa na figo zote mbili, na mtoto wake ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mashine za kusafisha damu hazikuwa karibu kama siku hizi. Tulikuwa tukimpeleka Nairobi, anarudi amechoka, uso umevimba. Daktari alituambia kwamba ndugu mmoja mwenye afya akitoa figo moja, Wambui anaweza kupona, na mtoaji naye akaishi na ile inayobaki. Basi tukaitisha kikao.

Unatujua sisi na vikao. Chai kwanza, maombi, kisha kugawana kazi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini kwetu asiyekuwepo ndiye wa kwanza kupewa kazi. Kosa mkutano mmoja tu, utasikia umechaguliwa mwenyekiti. Siku hiyo aliyekosa ni mdogo wangu Kariuki, dereva wa lori, ambaye gari lilikuwa limemharibikia Salgaa akawa anangoja spea.

"Kariuki si hana bibi, hana watoto?" nikauliza. "Na ako na nguvu. Tumuandike yeye."

Wakapiga makofi. Baba mdogo akasema damu ni nzito kuliko maji, nami nikaandika: figo, Kariuki. Niliiandika katikati ya atakayekaa na mtoto na atakayepeleka uji hospitali. Hakuna aliyeuliza mbona katibu hakujiandika.

Tukamwita Kariuki, akaja. Siku ya kupimwa tulimsindikiza watu saba, utadhani tunapeleka mahari. Daktari, mama mmoja mtulivu, akatutoa wote nje akabaki naye peke yake. Walikaa sana. Alipotoka alisema maneno mawili tu: "Huyu hafai."

Nikawaka. "Hafai aje, daktari? Si ni mzima? Kwani amekuambia nini?"

"Alichoniambia ni chake," akajibu, kisha akanivuta kando. "Dada, operesheni zingine zote ninamkata mgonjwa ili apone. Hii ninamkata mtu mzima, asiye na ugonjwa wowote, kwa faida ya mwingine. Madaktari walioifanya mwanzo huko ng'ambo, pacha akimpa pacha mwenzake, walijiuliza kwanza kama wana haki ya kumkata yule mzima. Wewe umejiuliza? Na wewe mwenyewe umepimwa?"

Sikuwa nimepimwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Na usidhani nilijitolea papo hapo. Wiki tatu nzima nilimnunia Kariuki, simpi hata salamu, nikimwita mwoga mbele za watu. Mwoga! Mimi niliyekuwa nakwepa hospitali kwa kisingizio cha kupalilia mahindi. Mpaka siku nilipomkuta Wambui anajaribu kumbeba mtoto wake, akashindwa, wakabaki wote wawili wanalia sakafuni. Ndipo nikaenda kupimwa, na nikaonekana nafaa.

Daktari akawatoa wote nje tena, safari hii mimi ndiye niliyebaki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimsikia baba mdogo akicheka nje ya mlango, na shangazi zangu wameshaanza pambio la shukrani.

"Unataka kutoa, ama unasukumwa?" daktari akauliza.

"Naogopa."

"Ukikataa, nitatoka niwaambie hufai. Sitaongeza lingine, na hakuna atakayejua."

Ndipo nikamkumbuka Kariuki, mwanangu, na lile neno "hafai" aliloambiwa yeye. Pengine figo za Kariuki zilikuwa na kasoro kweli. Pengine zilikuwa nzima kuliko zangu, naye akasema hapana. Sikujua, na hadi leo sijui, wala si haki yangu kujua. Nilisema ndiyo kwa mdomo wangu, nikatoa. Wambui aliishi akamlea mtoto wake mpaka akamwona akiolewa.

Mimi nikasifiwa kanisani. Kariuki akaitwa yule aliyemnyima dada yake, na jina hilo nililianzisha mimi. Nilimfuata Salgaa kumwomba msamaha. Aliniagizia chai, akasema, "Sista, mimi sikukasirika juu ya figo. Ni vile hukuniuliza."

Sasa jana naona kwenye grupu la familia mmepiga kura. Kura! Binamu yenu anaumwa figo, na mmempitisha mwenzenu aliye kazini Gilgil kwa sababu hakujibu meseji. Mnanichosha, jamani.

Lifuteni jina hilo leo. Anayetaka kutaja jina aanze na lake. Mtu aulizwe akiwa peke yake, na akikataa msimdai sababu, wala msimbandike jina. Mgonjwa naye aulizwe, maana si kila mtu anataka kuishi kwa kitu alichonyang'anywa ndugu yake. Hiari yashinda utumwa, na kutoa ni moyo. Moyo wa mtu haupigiwi kura.

Mungu amponye binamu yenu. Amjalie mtoaji atakayekuja kwa miguu yake, na amlinde sawasawa atakayesema hapana. Na nyinyi awape haya, walau kidogo, ya kumpigia mwenzenu simu mkamuuliza.