Plasta Nyuma ya Simu

Mwezi uliopita nilimchapa wakala wa simu mkono pale stendi ya Bariadi, na sijutii. Nilikuwa nahangaika na simu mpya, yeye akajifanya ana huruma. "Mama, nitajie tu namba ya siri nikuingizie mwenyewe." Huku anavuta simu mkononi mwangu. Niliuchapa ule mkono mpaka kalamu yake ikaruka nje. "Koma! Koma kama ulivyokoma ziwa la mama yako!"

Watu walicheka. Binti yangu alitamani ardhi ipasuke aingie. Yeye huyo ana neno la siri moja tu, la barua pepe, la picha, la kila kitu, na ni tarehe yake ya kuzaliwa. Mwenzake wa chumba analijua. Shoga zake kazini wanalijua. Nikimgombeza ananijibu, "Mama nawe, kuna siri gani humo?" Basi nimekaa niandike, asome mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika senta ndogo upande wa Kasoli. Ilikuwa ile miaka wanunuzi binafsi wa pamba walipofunguliwa milango, kila mmoja na mzani wake na lori lake, na simu za mkononi zikaingia nyuma yao. Nilinunua yangu kwa mnunuzi mmoja aliyekuwa anabadilisha simu yake. Umeme hatukuwa nao. Tulikuwa tunapeleka simu kwa mwenye jenereta, unaiacha asubuhi, unaifuata jioni. Zilikuwa zinalala mezani kwake ishirini, thelathini, nyingi zinafanana, kwa hiyo kila moja ilibandikwa plasta ya kidonda mgongoni, na juu ya plasta jina la mwenyewe. Aliyekuwa na namba ya siri aliiandika hapo hapo, ili mwenye jenereta aweze kuiwasha na kuona kama chaji inaingia. Mimi nilikuwa na namba ya siri, na nilijivuna nayo. Niliiandika kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wa ubaoni, tarakimu nne ambazo hata mzee asiye na miwani angezisoma: MWALIMU, na namba chini yake.

Wote tulifanya hivyo. Hakuna aliyeona ajabu.

Kaka yangu alikaa mwendo wa nusu saa kutoka senta. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka sita, ndiye aliyeuza fahali wake nikaenda chuo cha ualimu. Mpole hakuwa. Mwaka ule jirani yake aliingiza ng'ombe kwenye ngitili ya kaka, yale malisho yanayofungwa masika ili mifugo ile kiangazi. Kaka alimfuata kisimani akamchapa fimbo mbele ya wanawake waliokuwa wanateka maji. Jirani aliokota kofia yake, akaondoka. Nilimwambia kaka, "Umefanya vibaya." Akanijibu, "Na ng'ombe zangu zitakula nini kiangazi, chaki zako?"

Haukupita muda mrefu, maboma mawili yakavunjwa, ng'ombe wakaibiwa. Watu walikuwa wamechemka. Kamanda wa walinzi wa jadi alipita nyumba kwa nyumba akisema safari hii mwizi hafiki kwa hakimu. Kamanda alikuwa na simu, watoto wake wawili niliwafundisha mimi, na namba yangu alikuwa ameihifadhi kwa jina la Mwalimu.

Jumamosi asubuhi nilipeleka simu kuchaji nikaenda shambani kuchuma pamba. Saa tisa alasiri nikasikia mwano. Asiyejua mwano, ni ule ukelele wa hatari, anaupiga mmoja, anaupokea wa pili, mpaka nchi nzima inalia, na ukiusikia unatoka, hakuna cha mwalimu wala mchungaji. Nilitupa kiroba changu nikakimbia na wenzangu. Mbele walikuwa wanapiga kelele kwamba mwizi wa ng'ombe kapatikana.

Niseme ukweli wangu wote. Nilifurahi. Niliokota jiwe njiani. Tulipoufikia umati kwenye uwanja wa senta sikuona kitu ila migongo na fimbo zinazopanda na kushuka, na mlio wa fimbo juu ya mwili wa mtu, mlio ambao sitaki kuueleza. Nikapaza sauti yangu ya paredi, ile inayonyamazisha watoto mia tatu: "Mpigeni! Mpigeni huyo, akome!"

Kisha watu wawili wakaachana kidogo, nikaona shati. Shati la kitenge cha bluu. Nililishona mimi.

Jiwe sijui lilikwenda wapi. Niliuma mkono wa mtu, nikapita chini ya miguu, nikamlalia kaka yangu juu. Alikuwa amefunika kichwa kwa mikono miwili, na vidole vyake havikuwa tena na umbo la vidole. Damu ilikuwa inamtoka sikioni. Fimbo moja ikanishukia begani, nikasikia mfupa ukisema ka. Nyingine mgongoni. Kamanda akapiga filimbi, akapiga tena, mpaka wakaacha.

"Mwalimu," alisema, amekunja uso kwa kushangaa kweli, "mbona unatuzuia? Si wewe uliyetuita?"

Akanisogezea simu yake. Mwalimu, iliandikwa juu. Chini: *Ng'ombe walioibiwa wako kwa kaka yangu, wengine ameshawachinja. Njooni leo leo kabla hajahamisha. Msiseme ni mimi.*

Na wao walikuwa wameshamwambia. Ilikuwa ndiyo kauli ya kwanza waliyomtupia walipofika kwake kumkamata: dada yako mwenyewe kakutaja. Nani atamsingizia ndugu wa tumbo moja? Wala hawakutafuta hata ngozi ya ng'ombe. Nilihisi kaka akijikunja chini yangu. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, la pili lilinitazama. "Nimeisikia sauti yako," akasema. Basi.

Gari la mnunuzi wa pamba lilimpeleka hospitali Bariadi, amelazwa juu ya marobota. Mimi sikupanda. Nilikwenda kwa mwenye jenereta, bega limening'inia, na simu yangu ilikuwa pale pale mezani, plasta juu. Imewashwa.

"Nani kaigusa?"

Akaanza kubabaika. Jirani wa kaka alikuwa amekaa pale tangu asubuhi akisubiri simu yake ijae. Huyo jirani alimwambia kwamba mwalimu kamtuma atume ujumbe kwa simu yake. "Mayu, mama yangu, namba si iko hapo nyuma? Nilijua umempa."

Nilifagia meza yote kwa mkono mmoja mzima. Simu za watu, nyaya, vikombe, vyote chini. Nilimpiga yule mzee wa watu kwa kigoda mpaka mke wake akanishika kiuno akilia. Hata nilipokuwa napiga nilijua nampiga asiye mkosaji mwenyewe. Mwenyewe alikuwa amekimbia siku ile ile, na mpaka leo sijui alikolala.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali. Kamanda nilimburuta kwa shati, tukasimama kando ya kitanda, akaeleza yote, akaomba radhi. Mimi nikaibandua plasta, nikaiweka kifuani pa kaka, aone jinsi yule shetani alivyoingia. Aliitazama muda mrefu kwa jicho lile moja.

"Namba hii kaandika nani?"

"Mimi."

"Na kule uwanjani, nani alisema nipigwe?"

Akageukia ukutani.

Miaka mingi hakukanyaga kwangu. Nikimpelekea chakula, alimwambia mkewe apokee. Vidole viligoma kupona. Mkono wa kulia ulibaki umekunjana, wa kushoto ulishika jembe kwa kiganja tu. Niliulilia ule mkono kuliko nilivyowalilia wazazi wangu.

Kisha siku moja mchana, niko jikoni napepeta mchele, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Kaka. Kazeeka, kavaa koti. Hakuketi. Akatoa simu mpya mfukoni kwa kuibana kati ya viganja viwili, akaiweka juu ya ungo wangu, juu ya mchele.

"Watoto wameninunulia," alisema. "Inataka namba ya siri, na mimi siwezi kubonyeza. Lazima mtu abonyeze, na huyo mtu ataijua."

Nilisema, "Una watoto, kaka. Una mke."

"Nimesema inataka namba, sijakuuliza watoto wangu." Akainama, akaninong'oneza sikioni tarakimu nne, kwa sauti ndogo kabisa, ingawa tulikuwa peke yetu. Nikabonyeza. Machozi yalikuwa yananidondoka kwenye kioo, nikawa nayafuta kwa kanga ili vidole visiteleze.

Akaibana tena simu yake, akairudisha mfukoni. Mlangoni aligeuka.

"Ila safari hii," akasema, "usiandike."