Maruso Atafuta Chumba Kisiwani Kwao

Maruso Atsoniou alifua mashuka ya hospitali hapa kwenye bandari ya Pireo kwa miaka thelathini na moja. Siku aliyostaafu wenzake walimpa saa ya ukutani na shada la maua. Saa akampa mpwa wake. Maua akaniletea mimi, jirani yake wa ghorofa ya juu, akaketi kwenye roshani yangu bila kukaribishwa na kusema:

"Lukia, nataka kwenda hotelini."

"Hoteli gani?"

"Yoyote ya bei ya chini. Kitanda, mlango wenye ufunguo, na mtu mwingine wa kutandika. Siku saba, mwezi wa Septemba. Sifnos."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Sifnos ni kisiwa cha kwao. Kaka yake, Antonis, ana nyumba kule kijijini Exambela, ile ile waliyozaliwa wote wawili, na kila Agosti tangu nimjue, Maruso hupanda meli akakae kwa kaka yake. Tulikuwa tukimwona anarudi ameiva kwa jua tunaambizana ngazini kwamba huyo katoka kustarehe.

Siku hiyo ndipo aliponieleza hiyo starehe yenyewe. Froso, mke wa Antonis, anapangisha watalii vyumba vinne nyuma ya nyumba. Maruso akishuka melini, uso hajanawa, Froso ameshamfunga aproni kiunoni. "Wifi yangu, Mungu ndiye kakuleta! Hakuna mikono inayojua mashuka kama yako." Basi inakuwa hivyo mwezi mzima. Anafua, anaanika, anakunja, jioni anamenya viazi. Baharini alikuwa akifika mara mbili, mara tatu. Mwaka uliopita, siku ya nne, alikuwa anaanika shuka la Wafaransa, vibanio mdomoni, mara miguu ikagoma. Akaketi chini katikati ya kamba, kwenye vumbi, akajaribu kukumbuka kama yuko likizo au yuko zamu.

"Si ungemwambia huyo Froso kwamba hutaki?"

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Anacheka. Anasema nikikaa bure nitaugua."

Kwa hiyo tukaanza kupanga. Mimi nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Kuna hoteli ndogo pale Kamares, bandarini, vyumba tisa juu ya duka la mikate, mwenyewe anaitwa Vrasidas. Maruso alisoma naye shule ya msingi. Akampigia simu mbele yangu, akaweka sauti ya nje nisikie.

"Chumba cha mtu mmoja, Septemba? Kipo, mama, vipo hata viwili," Vrasidas alisema kwa uchangamfu. "Nakuandika kwa jina gani?"

"Maruso Atsoniou."

Tulisikia mashine ya kahawa ikipuliza mvuke huko kwake.

"Maruso wa Exambela? Dada yake Antonis?"

"Ndiye mimi. Hujambo, Vrasidas."

"Sijambo, dada. Ila chumba hakuna."

"Si umesema vipo viwili sasa hivi?"

"Vipo, lakini vya watu. Wewe si watu! Nikikulaza hapa kwa hela, Antonis atanitazama vipi? Ndiye anayeniletea mayai na jibini. Njoo unywe kahawa, njoo ule, sikutozi hata senti. Ila kulala, nenda kwenu."

Maruso alimsihi, akamgombeza, akamkumbusha kwamba darasa la tatu alikuwa akimpa majibu ya hesabu. Haikusaidia kitu. Vrasidas alikata simu akimwombea heri, na haikupita nusu saa ikaita tena. Ilikuwa Exambela.

"Nasikia unataka hoteli," alisema Antonis.

"Nani kakwambia?"

"Hoteli, Maruso! Sisi tumekufa? Nyumba imeungua?"

Kisha simu ikanyakuliwa, tukamsikia Froso. "Wifi, nimekukosea nini? Niambie. Kama ni godoro, nitabadilisha godoro. Watu watasema nimekufukuza kwenye nyumba ya mama yako. Nitapitaje kanisani? Hebu niambie nitapitaje!"

"Froso, nataka kupumzika tu."

"Si upumzikie hapa? Nani anakuzuia kupumzika? Agosti hii peke yake nina familia sita, na kila moja inataka taulo za baharini mbali na za kuogea, nakungoja wewe kwa hamu, halafu wewe unaniletea habari za hoteli!"

Maruso aliweka simu mezani, uso juu, akamwacha aendelee kuzungumza na glasi za maji. Alikuwa amefumba macho.

Akajaribu hoteli ya pili, ile ya juu karibu na kituo cha basi. Mwenye hoteli ni mama aliyembatizia Froso mtoto wa kwanza. Hata jina hakumaliza kulitaja. Ya tatu wakamjibu kwamba wamejaa, kisha yule binti wa mapokezi akaongeza kwa upole, "Pole, shangazi, tumeshaambiwa." Siku ya tatu akapigiwa na binamu yake kutoka Melbourne, mtu ambaye hajaongea naye tangu msiba wa mwaka juzi, akimuuliza kama ni kweli amegombana na Antonis juu ya urithi.

"Melbourne!" Maruso aliniambia ngazini, mifuko ya sokoni mkononi. "Habari imefika Melbourne, Lukia. Mimi chumba cha kulala sijapata, lakini Melbourne wana habari zangu!"

Hapo ndipo nilipoingilia. Mjukuu wangu alinifungulia ile tovuti ya kuweka nafasi, tukaandika jina langu badala ya lake. Vrasidas hanijui. Maruso akakaa pembeni yangu akitoa amri. Kulikuwa na chumba chenye mandhari ya bahari, chenye mandhari ya bahari kidogo, na kisicho na mandhari.

"Chukua kisicho na kitu. Bahari naijua ilivyo."

Kilichobaki cha bei hiyo kilikuwa na vitanda viwili. Tukakichukua. Halafu tovuti ikatutaka tuthibitishe kwamba sisi si mashine, tuoneshe picha zenye taa za barabarani. Tulikosea mara tatu. Maruso alisema kwa sauti ya juu kwamba kusajili maiti pale hospitali kulikuwa na usumbufu mdogo kuliko huu.

Jioni ile ile Vrasidas akaniandikia. Mpendwa Bi Lukia, karibu sana kisiwani kwetu. Je, nije nikupokee gatini? Unapenda mto laini au mgumu? Chumba chako kinatazama ukuta, lakini nimekupandisha bila malipo hadi kile cha kona, uone machweo. Na kutakuwa na sahani ya zabibu.

Nilimsomea Maruso. Nilidhani atafurahi.

"Zabibu," alisema. "Mimi niliyemfundisha kugawanya, ananifukuza. Wewe hata hakujui, anakupa zabibu."

"Si utazila wewe?"

"Nitazila kwa hasira!"

Agosti ikaja, akawaambia Exambela kwamba magoti yanamsumbua, daktari kakataza safari. Froso akalia kwenye simu, akampelekea mafuta ya kuchua kwa meli. Septemba ikafika. Siku ya kusafiri, mabaharia wakagoma. Maruso alikwenda gatini Pireo saa kumi na mbili asubuhi na sanduku lake, akarudi saa mbili, akakaa jikoni kwangu na koti mwilini, hataki kulivua wala hataki chai. Ilibidi nimpigie Vrasidas nimwambie kwamba Bi Lukia atachelewa siku moja. "Hakuna shida, mpenzi mama! Kisiwa hakiendi popote." Maruso aliposikia hilo "mpenzi mama" akanyanyuka akaenda kwake.

Kesho yake meli ikaondoka. Yaliyotokea Kamares sikuyaona kwa macho, lakini nimesimuliwa na yeye mwenyewe na baadaye na Vrasidas, na hawapishani sana.

Alishuka amejifunga mtandio, na miwani myeusi mikubwa niliyomwazima. Vrasidas alikuwa gatini, ameshika kipande cha katoni kilichoandikwa LUKIA kwa wino mwekundu. Na pembeni yake, kwenye pikapu, alikuwa Antonis, amekuja kupokea magunia ya chakula cha kuku yaliyoletwa na meli hiyo hiyo. Maruso alitaka kurudi ndani. Nyuma yake kulikuwa na Wajerumani na mabegi yao, hapakuwa na pa kurudi. Akainamisha kichwa, akatembea. Lakini mtu uliyekua naye hatazami mtandio, anatazama mwendo.

"Maruso!" Antonis aliita. "Na magoti?"

Vrasidas alitazama katoni, akamtazama mwanamke, akatazama katoni tena. "Bi Lukia?"

"Bi Lukia ni mimi," alisema Maruso, akavua miwani. "Nipeleke chumbani kwangu."

Antonis alishalishika sanduku. Yeye akalishika upande wa pili. Wakavutana pale gatini kama watoto wawili na mdoli, watu wa mikahawa wote wakageuza viti, na Antonis akisema kwa meno yaliyobanwa, "Usinitie aibu, twende nyumbani, yote yatazungumzwa nyumbani."

"Yatazungumzwa hapa! Miaka mingapi nakuja kwako, Antonis? Kila mwaka nafua. Nafua huko, nakuja kufua huku. Nimefua mashuka ya Wafaransa, ya Waholanzi, ya wale Waitalia na mvinyo wao. Mama alipokufa, siku ya arobaini yake, nilitoka kanisani nikapiga pasi foronya kumi na mbili kwa sababu kulikuwa na wageni wanaingia mchana. Wewe ulikuwa wapi? Umekaa chini ya mzabibu unacheza karata!"

"Ungesema."

"Nimesema! Nimesema kila mwaka! Hata sasa nasema, na wewe unavuta sanduku!"

Maruso ananiambia kwamba kitu kilichomuudhi zaidi ni kwamba Antonis hakukasirika. Angekasirika angejua la kumjibu. Alisimama tu, mkono bado kwenye sanduku, akitazama viatu vyake, mwanaume wa miaka sabini na vumbi la kuku kwenye nyusi. Kisha akalichukua sanduku kwa nguvu, likamtoka Maruso mkononi, naye akadhani mambo yamekwisha, linaingia kwenye pikapu. Antonis alipita pikapu. Akavuka barabara, akapanda ngazi za hoteli, akaliweka mbele ya chumba cha kona na kuteremka. Magunia ya kuku aliyasahau gatini mpaka jioni.

Vrasidas alikataa malipo. Maruso akampigia kelele kwamba asipolipa hiyo si hoteli, ni kuzuru jamaa, na jamaa anao wa kutosha. Akalipa. Akafunga mlango kwa ufunguo. Kitu cha kwanza alichofanya, akafunua kitanda akanusa shuka. Alilala mpaka saa tano asubuhi, akaamka, akala zabibu zote.

Siku mbili zilikuwa nzuri. Alinipigia kutoka ufukweni nikasikia mawimbi. Aliniambia kwamba yule binti wa usafi hajui kukunja kona za shuka lakini yeye amejizuia kumfundisha, na kwamba kujizuia huko ndiko kulikuwa kazi ngumu ya likizo nzima.

Siku ya tatu Froso akaja. Alipanda ngazi na chungu cha dengu za Jumapili, bado cha moto, kimefungwa kwa taulo. Hakusalimia. Akakiweka juu ya meza ndogo ya kujipambia, akaketi kwenye kitanda cha pili, mkoba magotini, akasema, "Kisiwa kizima kimesikia kwamba mimi ni mwizi wa jasho lako."

"Sikusema mwizi."

"Uliyosema yanatosha. Na sasa nafua peke yangu. Unajua yale mashuka ni mazito kiasi gani yakilowa?"

Maruso alimtazama tu.

"Ndiyo, unajua," Froso alisema. "Usinitazame hivyo. Mimi pia kuna mtu aliyeniuliza kama nataka wageni? Vyumba alijenga kaka yako. Watalii wanamsifu yeye, 'Bwana Antonis, pazuri hapa.' Mimi hata jina langu hawalijui." Akapapasa godoro kwa kiganja. "Hili godoro si baya. Ngoja ninyooshe mgongo dakika tano, nishuke."

Hayo nimeyajua baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa hapa kwangu namenya biringanya, nikaona niulizie hali. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Maruso alipokea simu kwa mnong'ono.

"Siwezi kuongea. Froso amelala."

"Froso? Amelala wapi?"

"Chumbani kwangu! Tangu saa tano, na viatu vyake. Antonis amekuja chini mara mbili, anapaza sauti barabarani kuuliza mashuka ya familia ya Waholanzi yawekwe wapi, na sabuni ni ipi. Nimechungulia dirishani nimemwambia ile ya ndoo ya bluu, na asichanganye na soksi zake. Sasa nimekaa kwenye kiti, Lukia, siwezi kuwasha redio, siwezi kuoga kwa sababu bomba linapiga kelele. Nimelipia chumba kwa jina la uongo, nimetukanana na kaka yangu mbele ya bandari nzima, halafu nimekaa kwenye kiti!"

"Si umwamshe?"

Nilisikia mtu akikoroma taratibu nyuma yake.

"Akiamka atataka kurudi," alisema. "Mwache. Nitakupigia."