Walimsomea Halbadiri Aliyeiuza Bahari, Akaanguka Kaka Yangu

Nianze na ninachokitetea, ili asiyekubaliana nami ajue mapema pa kunishika: hoja hujibiwa kwa hoja, na aliyeshindwa kunijibu uwanjani hakuwa na haki ya kunishitaki kwa Mungu msikitini.

Admin, nifichie jina na kijiji. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, Mpemba wa pwani, mhitimu wa chuo kikuu ambaye bado hajapata ajira. Kwetu tumezaliwa wawili, mimi na kaka yangu. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyenisomesha. Yeye ni mvuvi, na msimu wa karafuu ukiingia huweka nyavu kando akaenda kuchuma karafuu kwa kupanda juu ya mikarafuu ya watu huko Ole.

Walikuja wageni pamoja na maofisa, wakatuita uwanja wa skuli kutueleza mpango wa kusimamisha minara ya umeme wa upepo ndani ya bahari, karibu na mwamba tunakovua. Hasira ilikwishafika uwanjani kabla ya wageni. Mzee mmoja aliinuka akauliza, "Hayo mapangaboi yenu yakishaumeza upepo wote, ngarawa zetu zitakwenda kwa nini? Kwa dua?" Uwanja mzima ukacheka.

Nikaomba kipaza sauti. Nikaeleza kwamba upepo haumalizwi kwa kutumiwa, kama jua lisivyomalizwa na wanaoanika karafuu; na kwamba umeme tunaowasha leo unatujia kwa waya uliolazwa chini ya bahari hiyo hiyo, wala hakuna aliyesema bahari imeuzwa. Nikasema pia, na hili wengi wamejifanya hawakulisikia, kwamba tusikubali lolote mpaka tuonyeshwe wapi tutapita na wapi tutavua.

Kaka yangu alinijibu mbele ya watu wote: "Yakhe, weye bahari umeisoma kitabuni. Mie nnaila." Alipigiwa makofi. Nikamwambia kuwa anayeila ndiye anayepaswa kuuliza maswali mengi zaidi. Usiku ule tulikula sahani moja, tukabishana mpaka wali ukapoa, naye akaniambia kuwa nikipata mke mwenye mdomo kama wangu, nyumba itaungua bila moto. Ndivyo tulivyo tangu utotoni.

Wengine hawakucheka. Pakazuka maneno kuwa wageni wameninunua. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, shehe wetu akaongoza Halbadiri. Kwa asiyejua, hicho ni kisomo cha kumshitaki dhalimu kwa Mungu kwa kutaja majina ya watu waliopigana vita vya Badri pamoja na Mtume, ili dhalimu huyo apatilizwe. Mimi ni Muislamu na ninaswali. Najua pia kwamba wanazuoni wenyewe wamekhitilafiana juu ya kisomo hiki. Siku ile hakutajwa mtu. Kilisomwa kwa "kila aliyeiuza bahari yetu, yeye na nyumba yake." Mama yangu ndiye aliyetoa mbuzi wa sadaka. Kaka yangu alikaa safu ya mbele, akaitikia amina. Wote wawili waliamini kuwa wanaoapizwa ni wageni. Hakuna aliyefikiri kuwa nyumba inayosemwa huenda ikawa ile waliyotoka asubuhi ile.

Msimu ukaingia. Kaka akapanda mkarafuu, tawi likakatika. Watu huanguka mikarafuuni kila msimu, na hakuna Mpemba asiyelijua hilo. Sasa amelazwa Chake Chake, na kuanzia kiunoni kwenda chini hahisi kitu. Tulikuwa hata hatujamfikisha hospitali, kijijini hukumu ilikwishatoka: Halbadiri imejibu.

Daktari anataka apelekwe Unguja haraka, na ametuonya kuwa kila tunapochelewa tunazidi kumharibu. Kaka amekataa.

"Ugonjwa huu si wa sindano," ananiambia. "Nenda kwa shehe, ukubali mbele ya watu kuwa ulikosea, wakiondoe kisomo. Hapo ntakwenda popote utakapo."

"Kaka, tawi lilikuwa bovu. Wenzako wameliona."

"Na kwa nini likaningoja mie?"

Swali lile lina jibu. Lakini aliliuliza huku akiuvuta mguu wake kwa mikono miwili, kama anayehamisha kitu cha mtu mwingine. Mama, aliyeketi upande wa pili wa kitanda, akasema, "Mwanangu, neno moja litakupunguza nini? Mie ndiye niliyetoa mbuzi."

Nilikwenda kwa shehe. Nikamsalimia kwa heshima zote, nikamwomba aende akamwambie mgonjwa kuwa hakuapizwa. Akanijibu, "Kanusha kwanza maneno yako ya uwanjani, Ijumaa, kwa kipaza sauti. Kisha tutaona."

Ndugu zangu mnaosoma, nikikanusha nitakuwa nimesema uongo msikitini, na nitakuwa nimemthibitishia kaka kwamba ulimi wangu ndio uliomvunja mgongo. Asipopona, ataamini kuwa toba yangu ilikuwa ya mdomoni. Nisipokanusha, atabaki kitandani pale akiningoja, na kweli yangu itagharimiwa na mwili wake. Nipeni rai zenu, lakini asiniambie mtu "kuwa na subira" tu. Daktari hakutuambia tusubiri.

Nawe shehe, najua wanafunzi wako wataufikisha ujumbe huu. Sikuombi msamaha, wala sikuombi ukubaliane nami juu ya minara. Nataka unijibu hadharani: siku ile mlimwapiza nani? Kama ni mimi, mbona nimesimama kwa miguu yangu? Na kama si mimi wala nyumba yetu, Chake Chake si mbali. Njoo uyaseme hayo mbele ya mtu aliyekuitikia amina, apate kukubali kupelekwa Unguja.