Jani Tupu la Mashuka ya Bénédicte

Ukitaka shuka la harusi la kumfunga mdomo mama mkwe, hapa kambini Nakivale unakwenda kwa Bénédicte. Wabishi wapo, lakini nao wanalalia mashuka hayohayo.

Kazi aliianza bibi yake, Viviane, kule Uvira, Kongo, aliyefundishwa sindano na masista halafu akawazidi masista wenyewe. Mama yake, Madeleine, alikimbia vita sindano zikiwa zimechomekwa kwenye kilemba, sufuria alisahau. Kwa wote watatu ua wanalotarizi ni lilelile na desturi ni ileile: shuka la bibi harusi huachwa na jani moja lililozungushiwa uzi tu, ndani tupu. Mtoto wa kwanza akizaliwa, mtarizi huitwa kulijaza, kisha mtoto analazwa juu yake. Kulijaza mapema ni kumharakisha Mungu.

Juzi Bénédicte alipeleka shuka Mbarara, kwa Saudah, mwenye duka. Huyo ndiye mnunuzi wake pekee wa mjini. Akiacha kununua, sindano ya ukoo imefika mwisho. Bénédicte alivuka kizingiti, akasimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Rafu nzima, hadi dari, ua la bibi yake. Jekundu, la bluu, hata la rangi ya ndizi mbivu. Wazimu gani huo!

"Nyabo, usinitazame hivyo," Saudah alisema. "Mwanangu Shakib amenunua mashine ya kompyuta ya kutarizi. Nilimpa shuka lako moja, mashine ikalifuata."

Bénédicte akavuta moja. Akavuta la pili. Akakalia robota la vitambaa. Kila shuka lilikuwa na jani tupu. Mashine, na ujanja wake wote, ilikuwa imenakili hata ahadi.

"Umeuzisha mingi?"

"Mengi sana, hadi Bwizibwera. Ila watu wanasumbua, wanasema yana kasoro. Hilo jani mlilisahau?"

"Hatukusahau, mama. Linangojea mutoto."

Akamweleza. Saudah, ambaye hunyamaza akilala tu, akajishika mdomo. "Maharusi wote hao, nani atawajazia?"

Kabla hajajibiwa aliingia Zakiah, mke mchanga wa mtaa wa Kamukuzi, kichanga kifuani na shuka kwapani.

"Hajati, nibadilishie. Hili halikumalizwa."

Bénédicte alimtazama mtoto. Shuka halikuwa kazi ya mkono wake. Ukitaka ukweli, lilikuwa la wizi. Angeweza kuondoka, mashine ibaki na aibu yake. Lakini vidole vilikuwa tayari ndani ya kopo lake la nyuzi.

"Leta, binti yangu. Ni muvulana ao binti?"

"Msichana."

"Basi tunatia kijani ya majani machanga."

Alishona hapohapo, akiwaeleza desturi Zakiah na wateja waliomzunguka. Zakiah hakutaka tena kubadilishiwa. Alitandaza shuka juu ya kaunta, akamlaza mtoto kwenye jani, na biashara ikasimama.

"Dada, nimalizie na haya mengine," Saudah alinong'ona, akionyesha rafu. "Nitakulipa."

"Hayo mengine bado hayajazaa."

Saudah aliipa rafu mgongo. Akavuta kwa mikono miwili mfuko wa shuka aliokuja nao Bénédicte, akaanza kufungua fundo.

"Jingine la mkono," akauliza, "utaniletea lini?"