Taa Ndani ya Stoo

Mwalimu wetu wa udereva hapa Migori huziba madirisha ya stoo kwa magunia, anakuketisha mbele ya usukani uliong'olewa, kisha anakuwashia taa ya lori usoni. Yeye husimama kando ya taa akiwa amevaa koti lake jeusi. Usipomwona, anasema taratibu, "Umenigonga, omera, ndugu yangu."

Jana mwanafunzi mwenzangu Willis, anayebeba samaki kutoka Sori, alimgonga mara tatu, naye Willis akakasirika. "Hebu kaa wewe, mwalimu!"

Akakaa. Mimi nikasimama kando ya taa.

"Barabara ni tupu," mwalimu akasema.

"Niko hapa, mwalimu."

Willis alicheka peke yake. Mwalimu akapangusa macho, akatazama tena, halafu akampa mwalimu mwenzake, aliyekuwa akitutazama mlangoni, funguo za gari. "Metrine, wanafunzi wa usiku uwafundishe wewe."